Jaji akikosea, mbona hashtakiwi?

Ndugu, umeuliza kwa nini jaji wa Kenya anayeamua kesi ya shamba kimakosa hashtakiwi yeye binafsi ili alipe fidia. Jibu limo katika Kifungu cha 160(5) cha Katiba ya 2010, kinachomkinga jaji na hakimu dhidi ya madai kwa jambo alilolitenda au kuacha kulitenda kwa nia njema, alipokuwa akitekeleza kihalali kazi yake ya kihukumu. Bila kinga hiyo, kila aliyeshindwa angemburuta jaji kortini siku ya pili, na jaji angekuwa anaandika hukumu huku akipiga hesabu ya mfuko wake, jambo ambalo wenye pesa wangelifurahia sana. Hukumu mbovu dawa yake ni rufaa.

Lakini angalia maneno "nia njema": aliyekula rushwa hawezi kujificha humo. Wala kinga hiyo haimfuati jaji dukani. Mnamo 2012 Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza alijiuzulu baada ya jopo la uchunguzi kupendekeza aondolewe, chanzo kikiwa mzozo wake na mlinzi aliyetaka kumkagua mlangoni mwa jengo la maduka la Village Market, Nairobi. Njia iliyotumika ni ile ya Kifungu cha 168, ambapo Tume ya Huduma za Mahakama humwandikia Rais ombi, naye huunda jopo. Na hata wewe, kama mwananchi, unaruhusiwa kuwasilisha malalamiko kwa tume hiyo.