Nani alikuwa pale? Maswali yenu juu ya habari za simu

Juma hili tena, zaidi ya nusu ya maswali ni lile lile: "Odio imefika, ni kweli?" Na wengi mnauliza mkiwa mmekwisha kuituma katika makundi matatu. Ulizeni kwanza, tumeni baadaye.

Mtu anasema katika odio kwamba yeye ni wa kituo cha volkano, na Nyiragongo italipuka usiku huu. Nifunge vyombo? (Mama wa Birere, hapa Goma)

Mama, mtu huyo hakutaja jina wala saa ya vipimo. Tangazo la OVG, kituo cha volkano cha Goma, lina tarehe, lina rangi ya tahadhari, na redio hulisoma. Sauti isiyo na mwenyewe huwezi kuirudia ukaiuliza swali.

Lakini sitakuambia udharau mlima. Jioni ya 22 Mei 2021 lava ilishuka bila tangazo la mapema. Watu waliona mbingu nyekundu wakashika njia ya Gisenyi na ya Sake kwa miguu. Kabla ya hapo kituo kilikuwa kimepungukiwa fedha, hata intaneti ya kufuatia mitetemeko ikakatika kwa miezi. Hilo ni kosa la wakubwa, na nitalisema kila mwaka. Wenye kujua wakinyamaza, wasiojua wanaongea usiku kucha.

Kwa hiyo weka karatasi za familia na maji karibu na mlango siku zote. Ondoka ukiona moto au agizo likitoka wazi, kama la 27 Mei mwaka ule. Usitoke gizani na watoto kwa sababu ya sauti tu: katika mkimbio wa 2021 watoto zaidi ya mia walipotezana na wazazi wao.

Ujumbe wa WhatsApp wenye mishale miwili juu yake, si umethibitishwa?

Hapana. Mishale miwili ina maana umepita mikono mingi. Basi.

Wanasema gesi ya Ziwa Kivu itatuua sote. Lisemwalo lipo, au sivyo?

Methali hiyo imeponza wengi. Gesi ipo, ya methani na ya kaboni dioksidi, imelala chini kabisa ya maji. Na ziwa Nyos la Kameruni liliua watu wapatao 1,700 mwaka 1986. Ila kutoka hapo hadi "kesho asubuhi" ni safari ndefu, na ndipo mwongo anapojificha: anachukua kweli moja, anaishonea tarehe. Mkitaka kuogopa gesi, ogopeni mazuku, ile inayokaa mabondeni na kuua mbuzi na watoto wanaocheza. Wazee waliipa jina kwa sababu waliiona.

Picha ya maiti barabarani, nitajuaje ni ya hapa?

Tazama vibao, sare, namba za magari, lami. Kisha itafute picha yenyewe katika Google; mara nyingi utaikuta ni ya nchi nyingine na mwaka mwingine. Na hata ikiwa ya hapa, usiisambaze. Ni mtoto wa mtu.

Baba yangu anasema redio haiwezi kudanganya kama simu. (Mwanafunzi, Katindo)

Ongea naye kwa heshima, lakini umkumbushe RTLM ya Rwanda, ng'ambo ya mpaka wetu, 1994. Ilikuwa redio, yenye muziki mtamu na watangazaji hodari, na iliita majirani Watutsi mende mpaka wakauawa. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani waliokuwa viongozi wake. Kila redio ina mwenyewe. Redio Okapi ya hapa Kongo ilianza 2002 kwa mkono wa Umoja wa Mataifa na wakfu wa Hirondelle. Ninaisikiliza nikijua hilo.

Neno likirudiwa masikio huanza kuliamini. Watafiti wa Marekani walilipima hilo mwaka 1977, na sisi tulililipia kwa damu. Kwa hiyo odio inayoita kabila zima nyoka, usiitume hata kwa kuilaani. Katika mji huu, wakati huu, hiyo ni petroli.

Nilituma habari, kumbe ya uongo. Niifute tu?

Ifute, kisha rudi katika kundi lile lile uandike: "Nilichotuma asubuhi si kweli." Walioisikiliza tayari hawataona ulichofuta. Na shangazi yako asiyesoma, mrekodie odio, useme jina lako.