Waambie wanao ukweli kuhusu Babu yao

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama uwaambie wanao ukweli kuhusu Babu yao, au uwaache waamini kwamba ni uzee tu. Waambie. Wameshaona mengi, na wasipopewa sababu watajitungia yao. Yule mdogo ameshaniuliza kama Babu amemkasirikia, maana siku hizi humwita kwa jina la dada yako.

Ugonjwa una jina, na ulitaje: dimensia. Wa baba yako ni Alzheimer, aina inayowapata watu wengi kuliko nyingine zote. Mwambie mdogo kwamba ubongo wa Babu unaumwa, na sehemu inayoshika mambo mapya ndiyo iliyoanza kuharibika. Ndiyo maana anaweza kusimulia habari za ujana wake bila kukosea, kisha akauliza kwa mara ya tatu kama mmeshakula. Na uwahakikishie kwamba hauambukizi kama mafua, wala si wao waliousababisha kwa utundu wao. Watoto huwa na hofu hizo hata wasipozitamka.

Wakiuliza kama atapona, usiwadanganye. Dawa zilizopo huweza kupunguza baadhi ya dalili kwa muda, haziuondoi ugonjwa.

Anayenipa mawazo ni mkubwa. Siku ile Babu alipomwita mwizi mbele ya rafiki zake, eti kamwibia saa, niliona alivyomeza mate, akatoka bila kusema neno. Saa tumeikuta juzi ndani ya kiatu, baba yako aliificha mwenyewe. Mweleze hivi: Babu hakumbuki kuificha, kwa hiyo akilini mwake linabaki jibu moja tu, kwamba imeibwa, na lawama humwangukia aliye karibu. Kisha mwache akasirike. Sipendi mtoto aambiwe "mvumilie, ni mgonjwa" kabla hajasikilizwa alivyoumia.

Wafundishe wasimwulize "Unanikumbuka?" Huko ni kumtahini mtu asiye na jibu. Waanze wao: "Shikamoo Babu, ni mimi," kisha wataje jina lao na lako. Akikosea, wasibishane naye. Mdogo ameshajua la kufanya: hukaa naye wakakunja taulo, Babu akazikunjua, wakaanza upya, huku wanaimba zile nyimbo za zamani ambazo maneno yake bado hayajampotea. (Na mimi, kusema kweli, hapo ndipo ninapopata nafasi ya kuoga.)

Ila asiwepo wa kuwaambia kwamba Babu "amerudi utotoni". Ni mtu mzima aliye mgonjwa. Watoto wakilishika neno hilo wataanza kumwamrisha.

Mkija, njooni asubuhi, jioni huchanganyikiwa zaidi na kutaka "kwenda kwao". Mkubwa asipotaka kuja safari hii, usimlazimishe. Nitampigia simu mwenyewe nimwambie saa imepatikana.

Mama yako