Usinunue sitar kabla hujanisikiliza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mombasa aliniandikia. Ana bendi, wanapiga roki ya progresivu, nyimbo za dakika kumi na mbili zinazogeuka mara saba njiani, na sasa anataka kuingiza sitar, ile ala ya nyuzi ya Kihindi. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, ninunue ya aina gani?" Nimeandika jibu mara tatu na kulifuta mara tatu, maana kila nikianza narudi kwenye usiku ule.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza. Gitaa nalipiga tangu sekondari. Kilichonivuta kwenye muziki huu ni Yes, bendi ya roki ya Uingereza, albamu yao ya 1972, Close to the Edge. Mle ndani, katikati ya magitaa, nilisikia mlio wenye zzz mwishoni, nikasema hii ni sitar na lazima niwe nayo. Nilifanya zamu za usiku ghalani miezi mitano, nikanunua sitar ya mbao yenye buyu lake na nyuzi kumi na nane.

Nilichokuwa sijui, na hakuna aliyeniambia, ni kwamba Steve Howe, mpiga gitaa wa Yes, alikuwa anapiga Coral. Hilo ni gitaa la umeme lililotoka 1967, limewekewa daraja bapa, yaani kile kipande kinachobeba nyuzi, ili waya uliguse ukitetemeka na kutoa mlio ule. Unalishika kama gitaa, unalituni kama gitaa. Mike Rutherford wa bendi ya Genesis naye mwaka 1973 alipiga ya umeme. Mimi nikaingia ukumbini na ya mbao.

Ulikuwa ukumbi mdogo juu ya baa. Wenzangu wamesimama, mimi nimekaa chini. Bendi iko kwenye sauti ya E, sitar yangu imetuniwa sauti ya C#. Nikaanza kuukaza waya mkuu mbele za watu, polepole, hadi ukakatika na kunichapa kwenye kifundo cha mkono. Nikaendelea na zilizobaki. Besi ilipoingia, buyu likaanza kuitikia lenyewe, spika zikalia vuuu, fundi wa sauti akanizima. Nilipiga dakika nane nzima bila kusikika. Mpiga gitaa wetu akasema neno kwenye maikrofoni, watu wakacheka. Wiki iliyofuata mpiga kinanda alikuja na mlio wa sitar uliorekodiwa, unabonyeza ufunguo unatoka. Nikaambiwa nirudi kwenye gitaa langu. Miaka tisa imepita na kicheko kile bado nakisikia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja, mtaa wa nyuma ya kwangu. Alizaliwa Kampala, akafukuzwa 1972 pamoja na Wahindi wenzake, na Kiswahili chake bado kipo. Nilimwamkia shikamoo, akafurahi mpaka akaniita ndani. Mwaka wa kwanza hakunifundisha wimbo hata mmoja. Alinifundisha kukaa: buyu juu ya unyayo wa kushoto, shingo ikiegemea goti la kulia, mkono wa kushoto uwe huru. Kisha waya mmoja, chuma kimoja cha shingoni. Unaubonyeza, unauvuta kwa pembeni, sauti inapanda hatua mbili, tatu, nne, na mkono haujahama. Mizrab, kile kipete cha waya cha kidole cha shahada, kilinibana hadi ncha ikawa nyeusi. Nikidhani nimepata, anasema neno moja: "Tena."

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Sitar ina sauti moja ya nyumbani, na nyuzi zake za chini, wanazoziita tarab, zimetuniwa kuuitikia muziki unaotoka hapo. Roki yenu inahama kodi za gitaa kila mapigo manne. Ukiilazimisha sitar ikimbizane nanyi, zile nyuzi za chini zinanyamaza, na umebaki na gitaa baya. Bendi ndiyo iifuate sitar. Narudia: bendi iifuate sitar. Besi ikae kwenye sauti ya nyumbani, dramu zipungue, maikrofoni iwe karibu na daraja, spika zisilitazame buyu.

Na uwe na heshima. Ravi Shankar, mpiga sitar mashuhuri wa India, aliacha kucheza dansi kwenye kundi la kaka yake mwaka 1938, akaenda mji wa Maihar kwa mwalimu Allauddin Khan, akakaa hadi 1944. Mwaka 1971 huko New York, watu walimpigia makofi alipokuwa bado anatuni, wakidhani ndio wimbo. Wengi wetu tunaopenda roki tuko vile vile: tunataka ule mlio, hatutaki kukaa chini. Wewe umekulia kwenye nyimbo za Juma Bhalo zenye sauti za filamu za Kihindi; sikio unalo. Usilitupe kwa haraka.

Mwezi uliopita nimemaliza kurekodi kipande cha dakika kumi na nne na bendi yangu mpya. Wote wako C#, tangu mwanzo hadi mwisho. Dakika ya tisa kila mtu ananyamaza, na zile nyuzi za chini zinaitika peke yake, hakuna anayezigusa. Mzee alisikiliza macho yamefumbwa. Safari hii hakusema "tena".

Kuhusu bei na aina, usinunue chochote bado. Nitumie rekodi ya bendi yako ikikaa kwenye sauti moja kwa dakika tano bila kuhama. Nikishaisikia nitakuambia kama ni ya mbao au ya umeme.