Draiva ya GPIO (pini za kuingiza na kutoa ishara) kwenye Raspberry Pi 3: usiiandike anwani kwa mkono, iulize kerneli

Mkuu, umeuliza kwa nini moduli yako ya kuwasha LED kwenye Raspberry Pi 3 inakufa papo hapo ukiipakia kwenye kerneli (kiini cha Linux) kwa amri ya insmod, wakati kodi umeinakili neno kwa neno kutoka kwenye mafunzo yanayomapu 0x20200000. Umeuliza pia kama ioremap, kazi ya kerneli inayoipa draiva njia ya kufikia anwani za kifaa, inakula RAM. Nimepita njia hiyohiyo na ikanimalizia wikendi mbili, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Anwani hiyo ni ya Raspberry Pi ya kwanza. Kwenye chipu yake, BCM2835, vifaa vya pembeni vinaanzia 0x20000000. Kwenye Pi 2 na Pi 3 vilihamia 0x3F000000, na kwenye Pi 4 kwa kawaida viko 0xFE000000. Kwako wewe 0x20200000 ni katikati ya RAM, na kerneli ya ARM haikubali RAM imapiwe kwa ioremap: inatoa onyo kisha inakurudishia NULL, yaani pointa tupu ya sifuri. Mimi sikuikagua. Nikaenda moja kwa moja kusoma rejista ya GPFSEL1 (sehemu ya kifaa inayopanga kazi za pini), ambayo iko baiti 4 kutoka mwanzo, na dmesg, yaani kumbukumbu za ujumbe wa kerneli, ikalalamika kwamba nimegusa pointa ya NULL kwenye anwani 00000004. Ile 4 niliikodolea macho siku nzima. Ilikuwa sifuri ya ioremap ukijumlisha 4 yangu. Angalia dmesg yako, huenda ukaikuta.

Ukifungua waraka wa Broadcom, watengenezaji wa chipu, utazidi kuchanganyikiwa, maana humo GPIO imeandikwa 0x7E200000. Hawajakosea. Hiyo ni anwani ya basi, ya ndani ya chipu. CPU inakiona kifaa hichohicho kwenye 0x3F200000. Na draiva yako haitumii hata moja kati ya hizo, inatumia anwani pepe inayotolewa na ioremap.

RAM hailiwi. Ioremap inaandika tu kwenye jedwali la kurasa kwamba anwani pepe fulani ielekee kwenye kifaa, bila kupitia kashe. Ila pointa hiyo usiifungue kwa nyota kama pointa za kawaida, tumia readl kusoma na writel kuandika. Kompaila ikiona umeandika mahali pamoja mara mbili mfululizo, ina ruhusa ya kufuta andiko la kwanza ikidhani halina kazi, wakati kwa kifaa kila unachoandika ni amri.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifundisha zaidi. Niliporekebisha anwani kuwa 0x3F200000, ioremap ilikubali bila neno. Nikataka pini 17 iwe ya kutoa, nikaandika:

writel(1 << 21, base + 0x04);

LED ikawaka. Sekunde hiyohiyo konsoli yangu ya serial ikanyamaza kabisa. Nilibadilisha waya, nikalaumu adapta ya USB, kumbe ni mimi. GPFSEL1 inabeba pini 10 hadi 19 kwa pamoja, biti tatu kila moja. Kwa mstari ule mmoja nilizijaza sifuri pini nyingine zote, zikiwemo 14 na 15 ambazo ndizo UART, yaani mlango wa serial. Na hata ungesoma kwanza kisha ukabadilisha biti zako tu, bado kuna draiva nyingine inayoandika kwenye rejista hiyohiyo, na mnaweza kupishana katikati.

Ioremap haiulizi eneo ni la nani. Anayeuliza ni request_mem_region. Nilipoiongeza, nilikataliwa, na nikirudisha -EBUSY insmod inasema kifaa kinatumika. Ilikuwa sahihi: eneo lile tayari lilikuwa mikononi mwa draiva ya GPIO ya kerneli.

Kwa hiyo kwa LED usimapu chochote. Omba pini kwa devm_gpiod_get, uwashe kwa gpiod_set_value, na rejista mwachie mwenyewe. Siku utakayokuwa na kifaa chako kisicho na draiva, kieleze kwenye device tree (faili linaloielezea kerneli vifaa vilivyopo), kisha ndani ya probe, kazi ya draiva inayoitwa kifaa kinapopatikana, uite devm_platform_ioremap_resource(pdev, 0). Hiyo inatafuta anwani, inadai eneo, inamapu, na moduli ikitoka inarudisha kila kitu. Ukaguzi wake ni IS_ERR, si NULL. Hapo wengi huteleza.

Kabla hujagusa kodi tena, endesha hii:

sudo grep gpio /proc/iomem

Bila sudo utaona sifuri tupu. Kwangu ilitoka 3f200000-3f2000b3 : gpio@7e200000, yaani anwani ya CPU kushoto na ya basi kulia, mstari mmoja. Weka hapa ya kwako pamoja na mistari ya mwisho ya dmesg, tuendelee kuanzia hapo.