Ukimwonyesha mtu The Man from Earth, usimwambie ni muvi ya sayansi

Filamu hii nimewaharibia watu watatu kabla sijajifunza namna ya kuipendekeza. Wa kwanza nilimwambia kuna muvi kali ya sayansi, lazima aione. Akakaa mkao wa kusubiri vyombo vya angani. Dakika ya ishirini akanigeukia, kwa upole kabisa, akauliza: "Hivi picha yenyewe inaanza saa ngapi?" Wa pili nilimponza kwa mdomo wangu: nilimsimulia mpaka mwisho, akaja kuiangalia akiwa hana tena cha kusubiri. Wa tatu aliinuka katikati akaondoka. Huyo nitamrudia.

Filamu yenyewe ni The Man from Earth ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Richard Schenkman kwa bajeti ya dola 200,000 hivi za Marekani. Kwa viwango vya Hollywood hizo ni sarafu za kuokota chini ya kiti. Humo ndani hakuna roketi, hakuna roboti, hakuna hata ngumi. Kuna sebule, moto unaowaka, na watu wanane wanaobishana.

Mambo yanaanza hivi. John Oldman ni profesa aliyefundisha chuo kimoja kwa miaka kumi, na ghafla anahama. Wenzake wanamfuata nyumbani kumuaga, wanamkuta akipakia vitu kwenye gari. Wanamng'ang'ania aseme sababu. Anakwepa, anazungukazunguka, mwishowe anawatupia swali kama la mchezo: vipi kama mtu wa zama za mawe angekuwa hai hadi leo? Wanacheka, wanaliingilia. Halafu mchezo unabadilika, kwa sababu anawaambia mtu huyo ni yeye. Ana miaka kama 14,000, na kila baada ya miaka kumi huhama, kabla watu hawajaanza kujiuliza mbona hazeeki.

Ukimsimulia mtu, ishia hapo. Ukiongeza sentensi moja tu umeshamwaga mtama.

Kilichonikamata mimi ni jinsi ubishi wenyewe unavyoendeshwa. Wageni ni wasomi: kuna mwanabiolojia, mwanaanthropolojia, mwanaakiolojia, mwanahistoria, na baadaye anaitwa daktari wa magonjwa ya akili. Kila mmoja anamjaribu kwa silaha ya fani yake. Unatarajia mtu mwenye miaka 14,000 awe na siri kubwa kubwa mfukoni, lakini John anajibu kama mtu wa kawaida aliyechoka. Alikokulia ni wapi? Hawezi kusema kwa uhakika. Nchi yenyewe imebadilika sura mara ngapi tangu hapo? Wanamwambia hayo yote yamo vitabuni, mwanafunzi yeyote angeyajibu. Naye hakatai. Yeye mwenyewe amejielewa kwa kusoma vitabu walivyosoma wao, maana yule kijana aliyekuwa akitembea kwenye baridi hakujua kwamba anaishi kwenye "zama" yoyote. Alijua ana njaa.

Huo ndio ufundi wa mwandishi. Hoja imejengwa kwa namna ambayo haithibitiki na haikanushiki, na wewe mtazamaji unahamahama pamoja na wale pale sebuleni. Dakika hii unasema jamaa ni mwongo, inayofuata unasema ni mgonjwa, kisha unajikuta unamwonea huruma kwa watu wote aliowazika. Na wakati huohuo watu wa shirika la hisani wanaingia kubeba fanicha alizozitoa msaada, kwa hiyo wanaobishana wanazidi kukosa hata pa kukaa. Mara ya kwanza sikuliona hilo. Mara ya tatu nikaona chumba kinavuliwa nguo polepole mbele ya macho yangu.

Sasa namna ya kuiangalia. Hii ni filamu ya masikio. Ukiinamia simu dakika mbili, umepoteza jibu ambalo swali lake litarudi nusu saa baadaye. Kama Kiingereza cha haraka kinakusumbua, tafuta nakala yenye maandishi chini ya picha na usione aibu, wanakatizana sana. Iangalie usiku, watu wachache, wanne wakizidi. Usiisimamishe katikati ili mjadiliane, hata mtu akinyoosha mkono. Ni dakika 87 tu, ubishi utasubiri. Na vile vitu vinavyopakiwa garini mwanzoni, jiwe, mchoro, upinde, vitazame vizuri.

Mwonye mwenzako pia kuhusu picha. Walirekodi kwa kamera ndogo za video, na inaonekana: usiku kuna chembechembe, mwanga umefifia, unaweza kudhani ni tamthilia ya zamani ya televisheni. Ukimwambia mapema, baada ya dakika kumi atasahau. Usipomwambia, atakaa anahukumu picha badala ya kusikiliza.

Yule wa tatu, sasa. Ni mtu wa dini kwelikweli, na mimi sikumwambia kwamba mahali fulani mazungumzo yanagusa imani, tena hayagusi kwa ncha ya kidole. Hata ndani ya filamu yupo mhusika mcha Mungu anayelia kwa kuumia. Rafiki yangu hakulia. Alichukua viatu vyake, akaaga kwa adabu, akaenda. Nilijisikia vibaya, kwa sababu kosa lilikuwa langu na si la filamu. Tangu siku hiyo husema wazi kabla ya kuwasha: kuna sehemu itakuuma kama unaichukulia dini kwa uzito, ni hadithi, amua mwenyewe. Wengi huangalia. Wachache hukataa, na hapo tunatafuta kitu kingine.

Aliyeiandika ni Jerome Bixby, ambaye pia aliandika vipindi vinne vya Star Trek, ile tamthilia ya televisheni ya safari za angani ya miaka ya 1960. Kimojawapo, cha mwaka 1969, kina mtu asiyekufa, kwa hiyo unaona wazo lilikuwa likimsumbua tangu zamani. Hii aliianza miaka hiyohiyo ya 1960 na kuimaliza mwaka 1998 akiwa kitandani anakaribia kufa, akimsomea mwanawe maneno ayaandike. Nilipolijua hilo, yale mazungumzo kuhusu kifo niliyasikia upya.

Ilivyosambaa nayo ni kichekesho. Watu waliinakili na kugawana bure kwenye intaneti, na mtayarishaji, Eric D. Wilkinson, badala ya kutukana akawashukuru hadharani kwa kuitangaza. Ukiipata kwa njia hiyo, basi angalau siku moja inunue; waliotengeneza si matajiri.

Haina kasoro? Inazo. Baadhi ya waigizaji wanatamka mistari kama wako jukwaani, yule mwanafunzi msichana amewekwa pale bila kazi ya maana, na dakika kumi za mwisho zinafunga mafundo ambayo mimi ningeyaacha wazi. Halafu kuna mwendelezo wa mwaka 2017. Achana nao.

Anayeniambia amependa humpa Coherence ya mwaka 2013, ya James Ward Byrkit: marafiki mezani, nyota-mkia inapita angani, na mambo yanaanza kwenda kombo. Ilirekodiwa kwa usiku tano nyumbani kwa mwongozaji mwenyewe, na kila mwigizaji alipewa karatasi yake bila kujua wenzake wameandikiwa nini, ndiyo maana mishtuko yao haina uigizaji mwingi. Primer ya Shane Carruth ya mwaka 2004 naiweka mwisho. Ilitengenezwa kwa dola 7,000 hivi na ikashinda tuzo kuu ya majaji pale Sundance, tamasha la filamu la Marekani, lakini wahusika wake ni wahandisi na wanaongea kama vile wewe hupo chumbani. Mimi nimeiangalia mara tatu, na kuna sehemu bado natikisa kichwa tu kama nimeelewa. Ukimwanzishia mtu hiyo, hatakuamini tena.

Yule aliyeondoka na viatu vyake alinipigia simu kama mwezi mmoja baadaye, saa tano usiku. Nilidhani kuna msiba. Hakunisalimu hata kidogo.

"Na meno?" akauliza. "Miaka elfu kumi na nne, meno yake yalibakije?"

Nikamwambia faili bado ninalo, na nakumbuka dakika aliyoinukia.