Minazi ya mapambo kukaa kwenye ndoo miaka mingi: inawezekana, ila liangalie shina

Mkuu mleta uzi, nimekuelewa hivi: una miche ya minazi ya mapambo, ile yenye shina la kijivu lililonyooka ambayo kwenye vitalu wanaiita royal, bado iko kwenye viriba. Umepanga nyumba Njombe mjini, kiwanja unacho, ila ujenzi unakwenda mdogo mdogo na huenda ukala miaka. Unauliza uipande sasa kwenye kiwanja kitupu au uifuge kwenye vyombo mpaka nyumba iishe. Waliotangulia wamekwambia upande sasa, maana mti ukikaa kwenye kopo mizizi inajizungusha na kujinyonga. Kwa mparachichi au msindano wako sahihi kabisa. Kwa jamii ya minazi hapana.

Mzizi wa mparachichi unanenepa mwaka hadi mwaka. Ukijiviringisha ndani ya kopo ukiwa mwembamba, baadaye unanenepa na kuibana shingo ya mti wenyewe. Mzizi wa mnazi unatoka kwenye kitako cha shina na unene wake ule ule, na haunenepi tena. Ukizeeka, kitako kinatoa mwingine. Ndiyo maana ukiuchomoa mnazi uliokaa kwenye ndoo muda mrefu unakuta mizizi imesukwa kama mkeka, udongo hauonekani, na mti hauna shida yoyote. Yangu nilihama nayo kutoka Mbeya kuja Mafinga juu ya Fuso, imebanana na vitanda na tenga la kuku, na ilikuwa na miaka kwenye ndoo. Makuti yalichanika kwa upepo wa Makambako, lakini moyo, yaani chipukizi la katikati linalotoa majani, ulikuwa mzima na majani mapya yakaja kama kawaida.

Kinachokupa mwisho wa kusubiri siyo mizizi, ni shina. Mnazi hauanzi kurefuka, unaanza kujenga kitako. Miaka ya mwanzo unatoa majani tu huku pale chini panapanuka kimya kimya, na unene ukishafikiwa ndipo unapanda juu. Hauna tabia ya mti wa mbao, kwamba utanenepa baadaye kadiri unavyozeeka. Ukianza kurefuka ukiwa na njaa ndani ya ndoo, ile sehemu nyembamba inabaki hapo chini maisha yote, hata juu yake uje unenepe. Kwa hiyo usihesabu miaka. Shika kitako kwa mkono: kikiwa kigumu, kimevimba, na unaanza kuona pete za makuti yaliyodondoka zinaachana, muda wake wa chombo umekwisha. Hapo upeleke kiwanjani hata kama nyumba iko kwenye lenta.

Vyombo sasa. Ongeza ukubwa ngazi kwa ngazi: kiriba, ndoo ya lita 10, ndoo ya lita 20, na mwisho pipa lililokatwa nusu. Usiruke kutoka kiriba hadi pipa, kwa sababu udongo mwingi usio na mizizi unashika maji na kuchacha. Chagua chombo chenye kina kuliko kipana. Nusu pipa lenye udongo mbichi ni zaidi ya kilo 100, kwa hiyo mpangaji afikirie mara mbili kabla hajafika huko. Mimi naona lita 20 ndiyo saizi ya mtu anayehamahama. Na weka vyombo juu ya matofali. Mzizi ukishachungulia kwenye tundu la chini ukaingia ardhini, mti umeshajipanda wenyewe kwenye kiwanja cha mwenye nyumba.

Udongo usiwe mzito. Huku kwetu tuna bahati ya vile vijiwe vyepesi vya volkano vya upande wa Mbeya na Rungwe, ukivitupa majini vinaelea. Navichanganya na udongo wa juu na samadi iliyooza sawasawa. Pumba za mpunga kutoka Mbarali zinafaa pia. Maranda mabichi ya viwanda vya mbao hapa Mafinga yaache yaoze kwanza, yakiwa mabichi yanakula naitrojeni yote.

Kwenye mbolea ndipo wengi wanaharibu. Tumezoea mahindi, basi kila kitu tunakipa urea na CAN, mbolea za naitrojeni. Mnazi unapenda potasiamu, na ukiukuzia naitrojeni peke yake unakuwa kijani kwa muda, kisha makuti ya chini yanaanza vidoti vya rangi ya chungwa na ncha zinakauka. Ukiona hivyo usikimbilie panga. Mti unanyonya potasiamu kutoka kwenye makuti hayo ya zamani kulisha machanga, ukiyakata unahamishia njaa juu. Mpe NPK yenye potasiamu ya kutosha, kidogo kidogo msimu wa mvua. Makuti yaliyokuwa na vidoti hayaponi, subiri mapya.

Suala la baridi limepuuzwa kwenye uzi huu. Mti huu asili yake ni Kuba na kusini mwa Florida. Kyela, karibu mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, hauna wasiwasi. Njombe ni karibu mita 2,000, na usiku wa Juni na Julai mabondeni sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, inashuka. Kwenye nyuzi sifuri unaanza kuumia, chini ya hapo makuti yanaungua, na mche mdogo unaweza kufa moyo. Hiyo ndiyo faida ya chombo: miezi hiyo unausogeza barazani chini ya bati. Kama kiwanja chako kiko bondeni, mimi ningeuza hiyo royal na kutafuta mtende wa Kanari, unaovumilia sakitu vizuri zaidi ukishakomaa.

Siku ya kupanda iwe mvua zimeshika, mwishoni mwa Novemba au Desemba, usipande Mei. Usifumue mizizi, na usizamishe kitako chini kuliko kilivyokuwa kwenye ndoo. Mnazi uliozikwa sana unakufa polepole na hutajua sababu. Kama kuna fuko, zungushia shimo wavu wa kuku. Kaa mbali na waya za umeme na bati, kuti la mti mkubwa lina kilo kadhaa na linadondoka lenyewe. Na kiwanja ambacho ujenzi haujaisha siyo mahali pa mche ambao kitako chake hakijakomaa: fundi akikosa pa kuchanganyia zege atachanganyia hapo hapo.

Mdau aliyeuliza kama afanye hivi na mbegu za mvumo, jamaa mwingine wa minazi, alizotoa Kilombero: hapana. Mvumo unashusha kwanza mche wake ardhini nusu mita na zaidi kabla ya kutoa jani, ndoo haiutoshi. Uote pale pale utakapokaa.