Miti na kelele za magari: maswali yenu ya wiki hii

Nakaa Mabibo karibu na Mandela Road. Nimepanda miashoki mstari mmoja mbele ya nyumba, mwaka wa nne huu na imerefuka kweli, ila malori ya bandarini nayasikia kama yapo sebuleni. Nimekosea wapi? (Mama wa Mabibo)

Pole sana mama. Mstari mmoja hautoshi, na wauza miche wengi hawakuambii hilo. Ili miti ipunguze kelele mpaka usikie tofauti, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 mpaka 10 hivi, unahitaji miti iliyoshonana kama mita 30 kwenda ndani, na hata hizo desibeli 10 sikio linaona tu kelele imepungua nusu, haijaisha. Sasa nani ana mita 30 Mabibo? Fanya hivi, kesho asubuhi chuchumaa nyuma ya miashoki yako uangalie barabarani, ukiona tairi za lori basi ujue na kelele inapita hapohapo, maana kelele nyingi ya gari inatokea chini, kwenye tairi na injini, na sisi kwa kupenda usafi tunapogoa matawi ya chini mpaka mti unabaki fimbo. Acha kupogoa chini, halafu jazia michongoma mbele yake.

Bora ukuta au ua wa michongoma?

Kama hela ipo, ukuta. Ukiwa mrefu kiasi kwamba dirishani huoni magari, na hauna matundu, unakata kama desibeli 5 kwa kuanzia. Ila ukishajenga usimwage zege uwanja mzima jamani, hili linaniuma sana, kila nyumba mpya siku hizi ni pavingi mpaka mlangoni, wakati udongo laini wenye nyasi unanywa sauti na zege linairudisha yote. Ukutani pandisha mimea inayotambaa, inapunguza mwangwi.

Niko Roysambu floor ya tatu, matatu za Thika Road na mziki wao zinanimaliza. Nikiweka maua kwa balcony itasaidia?

Kwa besi, hapana ndugu yangu. Wimbi la besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, jani la saizi ya kiganja halilishtui hata kidogo. Majani yanasumbua sauti nyembamba, kama mlio wa breki, na hapo yawe mengi sio vyungu vitatu. Anza na dirisha, ziba nyufa zote kwa raba, pale ndo sauti inaingilia. Maua weka tu, upepo ukipita kwenye majani na ndege wakija utakuwa na kitu kingine cha kusikiliza.

Mume wangu anasema kichaka kitaleta mbu.

Mbu wanazaliwa kwenye maji yaliyotuama, shemeji aangalie visahani chini ya vyungu na kopo lililosahaulika nyuma ya tenki, avimwage kila baada ya siku tatu nne. Kichaka mwachie.